Tandatu, Fungate, Kenda: Idadi Iliyokuwa Ndani ya Jina

Maneno ya hesabu tunayatamka kila siku bila kuyauliza yametoka wapi. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na sasa, katika kustaafu kwangu, nawatazama watoto wa awali hapa Muleba. Huimba moja hadi kumi bila kukosea. Ukiwaomba maharage sita, wanakupa gao zima la mkono. Jina wanalo, idadi hawana.

Mtoto anayesikia Kihaya nyumbani hapati taabu mwanzoni. Bili ya Kihaya ni mbili yetu, tanu ni tano. Ndugu hawa wanatengana wafikapo sita: Kihaya husema mukaga na mushanju, Kiswahili husema sita na saba, ambayo ni maneno ya Kiarabu. Kwenye nane wanakutana tena, kwani munana na nane ni damu moja. Kisha mwenda, nasi twasema tisa.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Watu wa pwani walikuwa na tandatu kwa sita, fungate kwa saba, kenda kwa tisa, na mirongo miwili kwa ishirini. Biashara ya Bahari ya Hindi, pamoja na hesabu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndiyo iliyoleta majina mapya. Sarufi bado inawatambua wageni: twasema vikombe vitano, vikombe vinane, lakini vikombe sita, saba, tisa. (Na juma letu lina tano mbili zinazofuatana, Jumatano na Alhamisi!)

Linalonigusa mimi mwalimu ni hili. Wanaisimu wengi huiona tandatu kuwa imejengwa juu ya tatu, yaani tatu na tatu, na nane juu ya nne. Jina lenyewe lilibeba idadi; aliyelitamka alikwisha kujumlisha. Sita haimwambii mtoto chochote. Ni sauti tupu mpaka aoneshwe.

Kiswahili kilipothibitishwa kuwa lugha ya shule za msingi, katika zama za Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, mkoa wetu ulikuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Sikitiko langu si kwamba Kiswahili kilikuja, maana bila hicho nisingeandika haya. Nasikitika kwamba mukaga iliachwa mlangoni, ilhali mtoto aliingia akiijua kwa vidole vya ndizi.

Kwa hiyo nawashauri walimu vijana wachukue chane, wahesabu ndizi tatu upande huu na tatu upande ule, waseme mukaga, kisha tandatu, kisha sita. Fungate imebaki kwa maharusi, ambao siku hizi wengi hawazimalizi hizo siku saba. Kenda ninyi washairi mngali mnayo, na kwa mwenye kusaka kina cha kupatana na penda na tenda, tisa haimfai kitu.