Barua kwa Vidole

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nao walisema kweli. Lakini daftari nalo lina mipaka yake. Mwandishi huandika yale anayoona yafaa kuandikwa, na yale ambayo kila mtu wa zama zake anayajua huyaacha. Zama zikipita, na watu wakipita nazo, yale yaliyoachwa ndiyo yanayotafutwa kwa taa mchana. Sijaona mahali ambapo jambo hili ni wazi zaidi kuliko katika miswada ya dansi za luti ya Ulaya, ya karne ya 17 na ya 18, zama ziitwazo za baroki.

Luti si mgeni kabisa kwetu. Ni ndugu wa udi, ala ambayo mpenzi wa taarabu wa Unguja au Mombasa anaijua kwa sura na kwa sauti. Udi ulivuka kutoka nchi za Waarabu hadi Hispania, na jina lake la Kiarabu, al-ud, likageuka vinywani mwa Wazungu likawa luti. Wakaufunga mikanda ya utumbo wa mnyama shingoni ili kidole kijue mahali pa kukanyaga. Wakaacha kuupiga kwa unyoya, wakaupiga kwa ncha za vidole. Wakaongeza nyuzi. Luti ya Paris ya katikati ya karne ya 17 ilikuwa na safu 11 za nyuzi, nyingi zikiwa jozi; ile ya Ujerumani ya miaka ya 1720 ilifika safu 13. Kisha, kufikia mwaka 1800 hivi, ala hii ilikuwa karibu imenyamaza. Wapigaji walikufa bila kuacha wanafunzi; miswada ikabaki.

Miswada hiyo haikuandikwa kwa noti tunazozijua. Iliandikwa kwa tablatura, yaani mistari sita, kila mstari ukisimama badala ya safu moja ya nyuzi, na juu ya mistari hiyo zikawekwa herufi. Herufi a maana yake uzi upigwe wazi, b, kidole kikanyage mkanda wa kwanza, c, wa pili, na kuendelea. Hiyo c wanakili wengi waliichora mfano wa r, isije ikachanganywa na e. Nyuzi nene za besi ziliandikwa chini ya mistari, na juu kabisa ziliwekwa alama za muda. Kwa hiyo tablatura hailiambii sikio lisikie nini. Inakiambia kidole kiende wapi. Ni barua iliyoandikiwa vidole.

Sasa tazama shida ya mhariri. Alama za muda humwambia sauti inayofuata ianze lini, lakini hazimwambii ile iliyokwisha kupigwa iachwe ilie hadi lini. Na katika muziki huu wa Kifaransa, sauti haziingii pamoja kama askari katika gwaride. Huvunjwa na kutawanywa: moja juu, moja chini, moja katikati, kama matone yanayodondoka makutini mvua ikishapita. Mpigaji aliyejifunza kwa mwalimu alijua ni tone lipi la kuachwa lilie na lipi la kuzimwa. Mhariri anayetaka kuuhamishia muziki huo kwenye noti za kawaida hana njia ya kukwepa, kwa sababu kila noti ina urefu wake na haiwezi kuandikwa bila urefu. Hata awe mnyenyekevu kiasi gani, katika ukurasa mmoja ataamua mambo mengi ambayo mswada haukuyaamua. Atakayesoma kazi yake atadhani anamsoma mtunzi, kumbe anamsoma mhariri.

Ugumu unazidi tukizifikia dansi zenyewe. Kwa kawaida ziliwekwa pamoja: alemande ya mwendo wa taratibu, kurante, sarabande, kisha jigi ya kurukaruka. Nyingi hazikuchezwa tena kwa miguu. Zilisikilizwa chumbani na watu wachache, lakini hatua zilibaki ndani yake. Kuna vipande ambavyo mnakili mmoja ameviita alemande na mwingine akaviita jigi, hali vidole vinakwenda pale pale. Je, yupi amekosea? Huenda hakuna. Mwaka 1680, huko Paris, mwalimu mmoja wa luti aitwaye Perrine alichapisha vipande vya akina Gaultier kwa noti za kawaida, na humo tunaona alemande ikiweza kuvalishwa mdundo wa jigi. Wenyeji wa muziki ule walijua kwamba maandishi yale yale yanaweza kutembea au kuruka. Anayepiga herufi peke yake, bila kuijua desturi hiyo, atakuwa anaburura miguu mahali ambapo wenzake waliruka.

Nimewataja akina Gaultier, nao wana kisa chao. Walikuwa wawili, mtu na binamu yake. Ennemond, aliyefariki mwaka 1651, alimtumikia Marie de' Medici, mama yake mfalme Louis wa 13. Denis alifariki mwaka 1672, na vipande vyake vilikusanywa katika mswada wa fahari wenye picha, wa mwaka 1652 hivi, ambao leo uko Berlin. Lakini wanakili wengi waliandika jina moja tu, Gaultier, wakaona yatosha. Kwa nini wahangaike? Kila mtu chumbani alimjua aliyetajwa. Leo wataalamu huchukua mswada mmoja na mwingine, wakapima mwandiko na mtindo, na bado vipande kadhaa havijulikani vimpewe yupi. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mtu ametunga, kazi yake imedumu zaidi ya miaka 300, na kilichoikosesha mwenyewe ni neno moja ambalo mnakili aliona uvivu kuliandika.

Pengine kulinganisha miswada humrudishia mtu haki yake. Sylvius Leopold Weiss, mpigaji wa jumba la kifalme la Dresden tangu 1718 hadi kifo chake mwaka 1750, ameacha mamia ya vipande, na mafungu makubwa yako London na Dresden. Kulikuwa na kazi moja ya fidla na kinanda iliyohesabiwa miongoni mwa kazi za Johann Sebastian Bach, ingawa wengi waliitilia shaka. Katika miaka ya 1990 iligunduliwa kwamba sehemu yake kubwa ni dansi za Weiss zilizomo katika mswada wa Dresden. Bach aliongeza sauti ya fidla juu yake. Weiss alikuwa amemtembelea Bach huko Leipzig mwaka 1739. Bila tablatura ile ya Dresden, sehemu ya Weiss katika kazi hiyo isingejulikana.

Sisi wa pwani twapaswa kuielewa kazi hii kuliko wengi. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilidumu katika kumbukumbu za watu na katika hati za Kiarabu, hati ambazo hazitofautishi kila sauti ya Kiswahili. Mwalimu Sikujua alizikusanya karne ya 19, na diwani ilichapishwa mwaka 1940. Kila aliyezinakili alilazimika kusoma kwa ulimi wake yale ambayo herufi hazikuyasema. Mkono wa mhariri hauondoki. La muhimu ni uonekane.

Kwa sababu hiyo nawastahi wahariri wa Weiss ambao, tangu miaka ya 1980, walitoa picha za mswada wenyewe pamoja na noti walizozifasiri. Walimpa msomaji dawa na pia kipimo cha kuipimia. Leo maktaba ya Dresden imeweka picha za miswada yake kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kumhoji mhariri.

Kuna vipande vya Weiss vilivyotungwa kwa wapigaji wawili, ambavyo tumeachiwa sehemu ya mmoja tu. Luti moja huuliza, ikangoja, ikauliza tena. Mhariri anaweza kuitungia mwenzake sauti, na wako waliofanya hivyo kwa ustadi. Sioni ubaya, maadamu aandike jina lake mwenyewe juu ya sauti hiyo, ili mwenye kupiga ajue ni wapi Weiss anasema na ni wapi anajibiwa na mtu wa zama zetu.