Baiskeli ya Pamba na Ukingo wa Lami

Wadau, kabla hatujamlaumu mwendesha baiskeli kwamba "anajiingiza barabarani", turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1950 uchumi wa Usukuma ulikuwa pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana na kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, makao makuu hapa Mwanza, meneja wake Paul Bomani. Mkulima akishalipwa, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu alivyovitamani kwanza. Ilibeba mzigo, ilibeba mgonjwa, ilibeba familia.

Upande wa pili wa ziwa, miaka ya 1960, vijana wa Busia walianza kuvusha abiria mpakani kwa keria ya baiskeli. Ndiyo asili ya jina bodaboda. Huku Mwanza na Shinyanga baiskeli ya abiria tukaiita daladala. Baadaye pikipiki ikachukua abiria na jina pia, lakini baiskeli haikufa. Amkeni alfajiri muone maziwa, mkaa na samaki vinaingiaje mjini!

Sasa njia yake iko wapi? Jiji limebanwa kati ya mawe na ziwa. Barabara ya Nyerere inakwenda Igoma, Kenyatta inakwenda Nyegezi, Makongoro inakwenda uwanja wa ndege. Magari yote yanajazana humo. Mwenye baiskeli anabakiwa na ukingo wa kushoto. Hapo ndipo lami imemeguka, mchanga umejaa na mtaro uko wazi. Hapo hapo ndipo daladala hukata ghafla kufuata abiria. Aliyefunga magunia nyuma hawezi kugeuka kutazama lori linalokuja, na akikwepa shimo anaangukia mbele yake.

Kwenye makazi sheria inaruhusu spidi 50. Kwa hesabu ya fizikia tuliyosoma sekondari, gari la spidi 50 lina nguvu ya kugonga karibu mara tatu ya lile la spidi 30. Kofia ngumu peke yake haitoshi hapo.

Dar es Salaam, barabara ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 iliwekewa njia za baiskeli. Kwa hiyo wahandisi wetu wanajua kuzichora. Barabara mpya ikitangazwa Mwanza, mimi kama mwandishi swali langu la kwanza litakuwa hilo: njia ya baiskeli ina upana gani? Nanyi mliulize kwa diwani wenu.