Dawa ya DTG na Daftari la Wakunga wa Botswana

Leo tuzungumze juu ya dawa ya virusi vya UKIMWI iitwayo dolutegravir, ambayo kliniki wengi huijua kama DTG. Mwaka wa 2018 iliwatia akina mama hofu kubwa, na wako ambao mpaka leo huulizana kwa kunong'ona: si ndiyo ile inayolemaza watoto?

Hofu hiyo ilitoka Botswana. Tangu mwaka wa 2014, katika hospitali nane za serikali, wakunga walikuwa wakimkagua kila mtoto aliyezaliwa na kuandika dawa alizomeza mama yake. Utafiti huo uliitwa Tsepamo. Mei 2018 hesabu yao ilionyesha akina mama 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia DTG. Watoto wanne kati ya wao walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Kwa waliotumia dawa nyingine, ilikuwa kama mtoto mmoja katika kila 1,000.

Kasoro hii hutokea mapema mno, katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Ndiyo maana tahadhari ya Shirika la Afya Duniani ilimgusa kila mwanamke aliyeweza kushika mimba. Hapa Kenya pia, wengi wa umri wa kuzaa walibakizwa kwenye dawa ya zamani, efavirenz, ile ya kizunguzungu na ndoto za kutisha, huku wanaume wakipewa mpya. (Ajabu ni kwamba hiyo ya zamani nayo iliwahi kuogopewa vivyo hivyo, baada ya kujaribiwa kwa kima.)

Julai 2018 wanawake wa Afrika wanaoishi na virusi walikutana Kigali, wakadai waelezwe ukweli wote na waachiwe uamuzi. Mimi naona walikuwa na haki. Mama aliyeelezwa hatari na faida si mtoto wa kuamuliwa.

Wakunga nao hawakuacha kuhesabu. Mwaka wa 2019 akina mama walifika 1,683, na watoto wenye kasoro walikuwa watano. Yaani ameongezeka mmoja tu. Julai mwaka huo Shirika la Afya Duniani likapendekeza DTG kwa wote, wanawake wakiwemo. Kufikia 2022 hesabu ilipita akina mama 9,000, na tofauti na dawa nyingine haikuonekana tena. Wale wanne wa mwanzo walikuwa watoto wa kweli, na wazazi wao walilia kweli. Ila 426 ni watu wachache mno kwa kupima jambo linalotokea kwa nadra hivyo.

Je, DTG haina madhara? Inayo. Wengine hukosa usingizi au huumwa kichwa, wengine hunenepa, na wachache hupanda sukari. Tena, vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu unavyopewa ukiwa mjamzito huizuia isiingie vizuri mwilini. Vimeze pamoja nayo wakati wa chakula. Kama hujala, meza DTG saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, mkumbushe daktari kwamba unatumia DTG, kwa maana huenda ukahitaji kuimeza mara mbili kwa siku.

Na ukiona lolote geni mwilini, usiiache dawa kimya kimya. Mwambie muuguzi, na uhakikishe ameliandika.