Ilikoingilia Pini
Hadi mwishoni mwa karne ya 19, mtoto aliyepaliwa na kitu kikamteremkia pafuni alikuwa na bahati mbili tu: akikohoe mwenyewe, au apasuliwe. Vinginevyo pafu lilitunga usaha, na wengi walikufa.

Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alipitisha bomba la chuma ndani ya umio wa mtu aliyejipatia riziki kwa kumeza panga. Bomba lilipita vizuri. Kilichokosekana ni mwanga wa kutosha. Mwaka 1897, mjini humohumo, Gustav Killian alitoa kwa bomba kipande cha mfupa wa nguruwe kilichokwama pafuni mwa mkulima.

Aliyeifanya kazi hiyo kuwa fani kamili ni Chevalier Jackson (1865–1958) wa Marekani. Aliweka taa ndogo kwenye ncha ya bomba, akajiundia koleo za kila namna. Pini ya nepi iliyofunguka, ncha ikielekea juu, ilimfundisha subira, kwani kuivuta kwa pupa ni kurarua nyama. Ilibidi kwanza ifungwe au igeuzwe humohumo mwilini. Karanga ilimsumbua kwa namna nyingine: haionekani kwenye eksirei, huvunjikavunjika, tena huvimbisha mapafu. Vitu 2,374 alivyokusanya, vikiwemo vifungo, sarafu na pini, vimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Mütter, Philadelphia.

Hata hivyo, pengine kazi yake kubwa haikuhitaji bomba. Majumbani mwa Wamarekani kostiki soda ya kusafishia ilikaa jikoni bila onyo lolote, na mtoto aliyeilamba aliungua umio. Kovu lilipokaza, hata maji hayakupita. Jackson alitumia miaka mingi akiwasihi wabunge, mpaka sheria ya mwaka 1927 ikalazimisha kemikali za aina hiyo ziandikwe kuwa ni sumu.

Mwaka 1974 Henry Heimlich alieleza mbinu ya kuminya tumbo ili kumwokoa aliyekabwa, ingawa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hafanyiwi hivyo. Hupigwa mgongoni na kubonyezwa kifuani. Hatari mpya ni betri bapa za saa na rimoti. Betri moja ikikwama kwenye umio, umeme wake huzalisha kemikali inayounguza kama kostiki ileile, na saa 2 zinatosha kuleta madhara makubwa. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria nyingine: sehemu ya betri hizo isifunguke kwa urahisi mikononi mwa mtoto, na pakiti zake ziwe na onyo.