Waya wa Ardhi Katikati ya Maji

Jenereta ndogo ya kubebeka imekuwa jibu rahisi kwa mwenye boti anayetaka kuchaji betri au kugandisha samaki akiwa ametia nanga mbali na gati. Huwekwa sitahani, mbali na milango ya kabini kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi inayoua bila harufu, kisha kebo yake huchomekwa pale pale ambapo boti hupokelea umeme wa nchi kavu. Ndani ya kebo mna nyaya tatu: laivu, nyutro, na wa tatu wenye rangi ya kijani na njano. Huo wa tatu mafundi wetu huuita ethi. Mwandishi anayetaka Kiswahili kilichonyooka hulitafsiri jina hilo neno kwa neno na kupata "waya wa ardhi". Tafsiri hiyo haimdhuru sana aliye nyumbani kwake, lakini aliye botini inampotosha, na istilahi inayofaa zaidi ni "waya wa kinga".

Jina la ardhi lina historia yake. Mwaka 1838 Mjerumani Carl August von Steinheil, aliyekuwa akishughulikia telegrafu, aligundua kwamba hakuhitaji nyaya mbili kati ya kituo na kituo. Mmoja ulitosha, na udongo wenyewe ukawa njia ya kurudishia umeme. Hapo udongo ulikuwa sehemu halisi ya saketi, na jina lilistahili. Telegrafu ikapita, jina likabaki, na pamoja nalo ikabaki dhana kwamba umeme unaovuja hukimbilia ardhini, kana kwamba ardhi ni pipa la kuumwagia. Sivyo. Umeme hurudi kwenye chanzo chake, yaani koili ya transfoma au ya jenereta iliyousukuma, na usipopata njia ya kurudi hautiririki. Kazi kubwa ya waya wa kijani na njano ni kuufungulia umeme uliovuja njia fupi ya kurudi, ili mkondo uwe mkubwa ghafla na swichi ya usalama ikate. Tufanye hesabu ya friji inayovujisha umeme kwenye bodi yake. Fimbo ya shaba iliyopigwa udongoni ikiwa na ukinzani wa omu 25, volti 230 zitapitisha humo ampea 9.2 tu, swichi ya ampea 16 haitashtuka, na bodi ya friji itaendelea kuwa na umeme. Lakini waya unaorudi moja kwa moja kwenye transfoma, njia nzima ikiwa na ukinzani wa nusu omu, utapitisha ampea 460, na swichi itakata papo hapo.

Botini kosa la jina huzaa kosa la mkono. Aliyefundishwa kwamba waya huo sharti ufike ardhini, akiikosa ardhi huitafutia badala: ataunga waya kwenye fremu ya jenereta, ncha ya pili aitumbukize majini, na aamini kwamba kazi imekwisha. Ni kweli maji ya bahari hupitisha umeme vizuri. Tatizo ni kwamba koili ya jenereta nyingi za kubebeka haijaunganishwa na fremu. Wataalamu huiita hali hiyo nyutro inayoelea, jina ambalo juu ya maji linachekesha na kutatanisha kwa pamoja. "Nyutro isiyofungwa" lingesomeka vizuri zaidi. Ukipima volti kati ya fremu na kila mmoja wa nyaya mbili za jenereta ya inveta, mara nyingi utaona takriban nusu huku na nusu kule, dalili kwamba hakuna hata mmoja uliofungwa. Kwa hiyo waya uliotumbukizwa baharini haurudi kwenye koili. Hata swichi ya kukata umeme unaovuja, ile inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi na kukata tofauti inapofika miliampea 30, haiwezi kuuona mvujo wa kwanza, maana mvujo huo hauna njia ya kurudia.

Atatokea wa kusema kwamba mvujo usio na njia hauwezi kumdhuru mtu, kwa hiyo hali hiyo ni salama. Anasema kweli kuhusu drili moja iliyochomekwa moja kwa moja kwenye jenereta. Boti, hata hivyo, ina chaja, pampu, hita ya maji, friji na soketi kadhaa, vyote katika unyevu wa chumvi unaokula viungo. Mvujo wa kwanza hukaa kimya, haukati chochote, hadi wa pili utokee kwenye waya ule mwingine. Hapo mtu aliyeshika vifaa viwili visivyounganishwa ndiye anayekuwa njia. Ndiyo sababu kanuni ya E-11 ya ABYC, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya boti, inataka nyutro na waya wa kinga viunganishwe kwenye chanzo cha umeme, na hapo tu. Jenereta ikiwa ndiyo chanzo, kiungo kiwe kwake. Boti ikirudi kwenye umeme wa gati, kiungo kiko nchi kavu, na cha botini lazima kiwe kimeachia. Kikibaki, sehemu ya mkondo wa kawaida itapita kwenye waya wa kinga na kwenye vyuma vilivyo chini ya maji. Katika maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Victoria, mkondo wa namna hiyo ni hatari kwa anayeogelea karibu, kwa sababu mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko maji hayo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusibaki na ethi. Neno hilo lisidharauliwe. Fundi wa magari huita ethi bodi iliyounganishwa na hasi ya betri, ilhali gari limesimama juu ya matairi ya mpira. Karakanani neno limekwisha kuachana na udongo, na ni tafsiri ya "ardhi" inayoufufua. Liendelee kusemwa, ila halimwelezi mgeni kazi ya waya. Wengine watasema kinga ni neno pana mno, la chanjo na la fyuzi pia. Likitanguliwa na "waya wa" upana huo unakwisha, na Wajerumani wamepita njia hiyo hiyo: Schutzleiter yao maana yake ni kipitishio cha kinga. Pingamizi lenye uzito ni la radi na la nyumba zenye fimbo zake udongoni, ambako ardhi kweli hubeba mkondo. Huko neno lina haki yake: tuseme fimbo ya ardhini, na waya unaokwenda kwenye fimbo hiyo uitwe wa ardhi.

Basi wanaotafsiri vijitabu vya jenereta na vya boti waandike "waya wa kinga", na wamwambie msomaji wazi kwamba kiungo chake na nyutro hufungwa kwenye jenereta na fundi wa umeme, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na hufunguliwa kabla boti haijachomekwa gatini.