Miti na nyaya za umeme mitaani Nakuru

Mjakaranda, mti wa asili ya Amerika Kusini unaopamba barabara za Nakuru, ukikomaa waweza kupita nguzo za umeme za mitaani. Mkaratusi huzipita kwa mbali. Kabla ya kuchimba shimo, basi, mwenye ploti na atazame juu. Chini ya nyaya hufaa nyasi, maua na vichaka vifupi. Miti mirefu ipandwe mbali, hata ikianguka isizifikie.

Sheria ya Kawi ya 2019 inashughulikia pia ukataji wa matawi yanayohatarisha nyaya. Kazi hiyo si ya kibarua mwenye panga, ingawa ndiye huitwa kwanza: tawi bichi, hasa lililolowa mvua, hupitisha umeme hadi kwa alishikaye. Kenya Power hupokea taarifa kupitia nambari 97771.