Rola Kosta: Kasi Hupitwa, Kisa Hubaki

Tarehe 14 Juni 1959, watu wa Anaheim, jimbo la California, Marekani, walifunguliwa mlima. Ulikuwa na urefu wa mita 45 hivi, umejengwa kwa chuma na saruji, kilele kimepakwa rangi nyeupe ya theluji. Ulikuwa mfano wa mlima Matterhorn wa Uswisi, uliopunguzwa mara 100. Tumboni mwake zilipita reli mbili zinazopishana, na juu ya reli hizo vigari vyenye umbo la sleji viliteremsha abiria hadi kwenye bwawa la maji. Hiyo ndiyo Matterhorn Bobsleds ya bustani ya burudani ya Disneyland, rola kosta ya kwanza iliyotumia reli za mabomba ya chuma.

Kasi yake ni kilomita 43 hivi kwa saa. Daladala ikipata njia nyeupe huiacha nyuma. Hata hivyo, foleni yake haijakatika hadi leo, na sababu yake inapatikana katika historia ndefu ya mchezo huu.

Asili yake ni Urusi. Katika karne ya 18, wakazi wa St. Petersburg walijenga minara ya mbao wakati wa baridi, wakaimwagia maji yakaganda, kisha wakateleza kwa sleji. Mwaka 1817, mjini Paris, burudani hiyo ilipata magurudumu yaliyoshikiliwa kwenye njia yake, hivyo haikuhitaji tena barafu.

Huko Pennsylvania, Marekani, reli ya Mauch Chunk ilianza mwaka 1827 kuteremsha makaa ya mawe mlimani kwa uzito wake yenyewe. Nyumbu nao walipakiwa kwenye behewa lao na kuteremka na mzigo, kwa kuwa ndio waliovuta mabehewa matupu kurudi juu. Baadaye makaa yalipata njia nyingine, na reli ikabaki kuwa ya watalii.

LaMarcus Thompson ndiye aliyeugeuza mchezo huu kuwa biashara kubwa. Mwaka 1884 alifungua reli yake Coney Island, New York, kwa nauli ya senti 5. Abiria walipanda ngazi hadi juu ya mnara, wakaketi kwenye benchi wakitazama ubavuni, kisha wakateremka kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa. Walipofika mwisho walishuka, wafanyakazi wakalisukuma gari hadi juu ya mnara wa pili, na safari ya kurudi ikaanza.

Washindani walipoiga kazi yake, Thompson hakukimbilia kasi pekee. Mwaka 1887, mjini Atlantic City, alipitisha magari yake ndani ya mahandaki yenye mandhari zilizochorwa ukutani. Gari likikaribia, taa ziliwaka zenyewe na abiria akajiona yuko nchi ya mbali. Hapo ndipo rola kosta yenye kisa ilipozaliwa.

Mwaka 1919, John Miller alipata hataza ya gurudumu linaloshika reli kwa chini, na magari yakaweza kuporomoka kwa kasi bila kuchomoka. Ujenzi ulishamiri katika miaka ya 1920, kisha mdororo wa uchumi na Vita Kuu ya Pili vikazifunga bustani nyingi za burudani.

Walt Disney, mwanzilishi wa Disneyland, alifufua wazo la Thompson. Mwaka 1958 kampuni yake ilikuwa ikipiga filamu Zermatt, chini ya Matterhorn wenyewe, naye akaupenda mlima huo. Mafundi wa kampuni ya Arrow Development walimpa bomba la chuma, ambalo hukunjwa upande wowote, tofauti na mbao. Ndiyo maana reli iliweza kujipenyeza ndani ya mlima, ikaingia gizani na kutokea ukingoni mwa jabali. Mwisho wa safari gari hupiga maji, nayo humrushia abiria matone huku yakipunguza mwendo. Mwaka 1978 liliongezwa zimwi la theluji, linalonguruma pangoni.

Baada ya Matterhorn kufunguliwa, wengi walifuata njia hiyo. Space Mountain ilifunguliwa Florida mwaka 1975, ikiwapeleka abiria anga za juu bila kutoka ndani ya jengo. Abu Dhabi, Formula Rossa ya mwaka 2010 iliwavisha abiria miwani na kuwakimbiza kilomita 240 kwa saa, ndani ya gari lenye sura ya Ferrari ya mashindano.

Formula Rossa ilichukua rekodi ya kasi kutoka kwa Kingda Ka ya New Jersey, iliyofunguliwa mwaka 2005 ikiwa ndefu kuliko zote kwa kwenda juu, mita 139. Rekodi ni mali ya kupita: aliyeipata jana hunyang'anywa kesho. Kingda Ka ilifungwa mwaka 2024 na kuangushwa kwa baruti Februari 2025. Matterhorn, yenye umri wa zaidi ya miaka 60 na mwendo wa kilomita 43 kwa saa, bado inapakia abiria.